Difyuza, kola na fulana za kutuliza paka na mbwa: nimezijaribu kwenye joto la Dar

Hivi vitu vya kutuliza wanyama vimetengenezwa na watu wanaofunga madirisha. Hilo lijue kwanza kabla hujamtumia mtu yeyote hela, maana kwenye boksi utakuta wanaongelea chumba cha mita za mraba 50 mpaka 70, mlango umefungwa, nje kuna baridi, hewa imetulia tuli, alafu wewe uko zako Goba, madirisha wazi toka alfajiri, feni namba tatu, kinachokutenga na nje ni wavu wa mbu tu na umeme nao unakuja unapojisikia. Maoni ya wateja wa Uingereza na Marekani yamejaa mtandaoni, yasome tu, ila mimi naongelea ukivileta huku vinafanyaje.

Wahusika ni wawili. Komando ni mbwa, koko aliyechanganyika kidogo na German Shepherd, karibu kilo 30, kifua kama cha bondia, jina alipewa na kaka yangu akiwa bado mtoto kabla hatujajua kwamba radi ikinguruma huko Bagamoyo yeye tayari yuko chini ya gari anatetemeka mpaka bampa linalia. Mkesha wa mwaka mpya mmoja fataki zilipoanza aliruka ukuta wenye vipande vya chupa, tukampata kesho yake kwa fundi gereji mitaa miwili mbele. Wa pili ni Pili, paka jike, ameshafungwa kizazi, yeye radi haimhusu kabisa, shida yake ni mabadiliko, tulivyohama Tabata kuja huku akahamia nyuma ya friji na akitoka ni kwenda kukojolea pazia la sebuleni, tena kwa kusimama, mkia juu unatetemeka, anapuliza.

Tuanze na difyuza, ndo kila mtu anaiulizia. Niliyotumia ni Feliway Classic, inatengenezwa na Ceva, kampuni ya dawa za mifugo ya Ufaransa. Ni kichupa cha mililita 48 unachokiskrubu kwenye kifaa cha plastiki alafu unachomeka kwenye soketi ukutani, kinapata joto na kutoa hewani nakala ya feromoni, yaani kemikali ya wanyama kupeana taarifa, ambayo paka anaiacha mwenyewe akisugua shavu kwenye mguu wa meza au kwenye suruali yako. Binadamu husikii harufu yoyote na mbwa nae haimhusu. Paka ana kiungo chake maalumu cha kunusia vitu vya hivyo juu ya kaakaa, ndo maana wakati mwingine unamuona kanusa kitu alafu kabaki mdomo wazi kama kapewa taarifa mbaya.

Ya kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, akaniletea kwa bodaboda boksi zuri limefungwa vizuri kabisa, kufungua nakuta ni ile ya soko la Marekani, miguu miwili bapa na pembeni imeandikwa volti 120. Nikampigia. Jibu lake, "Dada weka adapta tu, wateja wote wanaweka." Sasa ndugu zangu, adapta inabadilisha miguu, volti inaziacha vilevile. Kile kifaa ndani yake ni hita ndogo, na hita ya volti 120 ukiipa 230 zetu nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaenda karibu mara nne, alafu juu yake kuna kichupa cha mafuta na kinakaa kimechomekwa usiku kucha wewe umelala. Hela hakurudisha, kifaa ninacho kama ushahidi. Kwaiyo ukiletewa, kabla hata ya kusaini kwa bodaboda geuza boksi usome volti, na ukiona miguu mitatu ya mraba kama ya soketi zetu ujue hiyo ni ya Uingereza na inaingia bila adapta. Ya kwangu ya pili dada yangu anayekaa Reading, Uingereza, alikuja nayo kwenye begi, kule ilimgharimu pauni 20 na kitu kifaa na kichupa, vichupa vya kujazia vinauzwa peke yake.

Maelezo yanasema kichupa kinakaa mpaka siku 30, na kifaa chenyewe ubadilishe baada ya miezi sita. Hiyo ni kwa nyumba ambayo umeme haukatiki. Umeme ukikatika kifaa kinapoa na hakitoi kitu, kwaiyo kichupa kinadumu zaidi lakini ile hali ya hewa chumbani inakua ya vipande vipande, leo ipo kesho haipo. Sebuleni kwangu naweza kusema nilikua natuliza paka wote wa Goba isipokua Pili, upepo unaingia dirisha hili unatokea lile. Nilivyohamishia chumba cha kulala ambako usiku tunafunga kwa ajili ya AC ndo nikaanza kuona kitu. Usikiweke nyuma ya pazia wala nyuma ya kabati wala chini ya meza, kinataka uwazi juu yake, la sivyo mafuta yanaishia ukutani yanaacha alama ya njano.

Nilichokiona ni hiki, haikua wiki ya kwanza. Jioni moja Pili alitoka nyuma ya friji, akaja mpaka kwenye fremu ya mlango wa chumbani, akanusa pale chini ambapo rangi imebanduka, alafu akapitisha shavu, kushoto, akageuka, kulia, akarudia tena kama anapiga mhuri. Toka tuhame alikua hajafanya hivyo sehemu yoyote. Baada ya hapo akawa analala kitandani na pazia likapata amani.

Ila siwezi kusimama mahakamani niseme ni difyuza, kwa sababu kipindi kilekile pazia nililifua kwa sabuni ya vimeng'enya badala ya Jik (harufu ya klorini inawavutia paka wengine warudie palepale, wenye paka wengi wanalijua hili), sanduku lake la mchanga nikalitoa karibu na mashine ya kufulia, na dirisha alilokua anamuona dume la jirani likija kutamba ukutani nikalibandika karatasi. Nadhani lile dume lilichangia zaidi ya kitu chochote. Na kabla ya yote hayo nilimpeleka kwa dokta apimwe mkojo. Hili usiliruke, paka akikojoa hovyo inaweza kua ni kibofu na sio stresi, na ukiwa na dume anayejikunja kwenye mchanga anasukuma hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya sasaivi, mrija ukiziba anaweza kufa ndani ya siku chache, usianze kuulizia difyuza.

Kingine kinachochanganya watu ni majina. Classic ni kwa paka aliyehama, anayepuliza mkojo, anayejificha. Ile inayoitwa Friends ni kwa paka wanaopigana ndani ya nyumba moja, feromoni yake ni nyingine kabisa, inaiga ya mama anayenyonyesha. Alafu ipo Optimum, mpya zaidi na bei juu. Nimeona wauzaji wanatoa yoyote iliyopo stoo. Kwa chumba kimoja kinachofungika naipa alama 7 kwa 10, kwa nyumba ya madirisha wazi 3, na hizo 3 ni kwa kua haina harufu.

Sasa Komando. Kola ya Adaptil inatoka kampuni ileile, hii inaiga feromoni ambayo mbwa jike anaitoa kifuani siku chache baada ya kuzaa ili watoto watulie wanyonye. Ni mkanda wa plastiki unaovalishwa shingoni, joto la mwili ndo linaifanya itoe, kwaiyo lazima iguse ngozi, vidole viwili vipite chini yake basi, ukiilegeza kama mkufu umevalisha urembo. Inakaa mpaka wiki 4 kisha unatupa. Nimeipenda kwa sababu ya kipekee sana ya kwetu, haitegemei Luku wala dirisha. Mbwa wa huku halali kwenye zulia, analala nje, usiku anazunguka geti, difyuza ya ndani itamsaidia nini? Kola anazunguka nayo. Ubaya wake haitaki maji, ukimuogesha uitoe, na Komando akinyeshewa kwenye masika, kipindi ambacho ndo naihitaji kuliko wakati wowote, naanza kuifuta na taulo huku radi zinapiga, inakua vichekesho.

Imemsaidia? Kidogo. Ngurumo za mbali zamani zilikua zinamtoa kwenye kibanda anaanza kuzunguka gari, saivi anainua kichwa, anasikiliza, anarudisha kichwa. Ngurumo za juu ya bati, hamna kitu, kola ipo na bampa linalia. Na hii sio mimi tu, mwaka 2010 jarida la chama cha madaktari wa mifugo Marekani lilitoa uchambuzi wa tafiti za feromoni za mbwa na paka likasema ushahidi mwingi hautoshi. Alafu 2020 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha matokeo ya kuwauliza wenye mbwa zaidi ya 1,200 wanaoogopa fataki ni nini kimewasaidia. Feromoni, dawa za mitishamba, mafuta ya kunusa na wenzake vilipata kati ya asilimia 27 na 35, ambayo mwenyewe akasema haizidi ile unayoitegemea mtu akipewa kitu cha kujipa moyo kisicho na dawa ndani. Fulana za kubana 44. Dawa za dokta karibu 69. Na kilichoongoza, zaidi ya asilimia 70, ni chakula na mchezo kila mlio unapotokea.

Ndo nikaenda kununua dagaa.

Huu sio utani, kwenye haya maoni yote hii ndo bidhaa ninayoipa alama 9. Dagaa wakavu, wasio na chumvi, nunua wa Mwanza wanaouzwa kwa kopo sokoni, waoshe mchanga wakauke tena juani. Ngurumo ikipiga tu, dagaa watatu mbele ya pua yake. Ngurumo, dagaa. Cha muhimu ni mpangilio, mlio utangulie dagaa afate, ukianza kutoa dagaa kabla basi unamfundisha kwamba ukiona bakuli ujue radi inakuja, atakimbia bakuli. Na usisubiri afanye kitu kizuri, hata akiwa anatetemeka mpe, maana hapa hufundishi adabu, unabadilisha anachokitegemea baada ya ule mlio. Watu watakwambia unamzawadia uoga, kwamba ukimbembeleza ndo atazidi. Hofu haiongezeki kwa kupewa samaki, ingekua hivyo watoto wote waliobembelezwa kwenye giza wangelala na taa mpaka leo. Kwahiyo akija kukuegemea muache akuegemee. Ila kuna mstari, akifika hatua ya kukataa hata dagaa ujue hofu imeshapita kiwango cha chakula, hapo ni kumuingiza ndani tu.

Mama yangu alivyoona akasema, "Kila ngurumo dagaa watatu, masika yakiisha huyu mbwa atakua ametula sisi." Tukaanza na ngurumo za mbali, na siku za kawaida nilikua nacheza sauti za fataki kwenye simu kwa chini sana, dagaa, naongeza kidogo, dagaa. Hii inachukua miezi, usiianze tarehe 30 Desemba. Lakini vuli iliyopita ngurumo ilipiga ya kati, sio ndogo, Komando akatoka chini ya gari akaja mlango wa jikoni, akakaa, masikio nyuma, mwili bado unatetemeka, akaniangalia mkono.

Kwa usiku wa fataki wenyewe anaingia stoo, haina dirisha, tumemwekea godoro la zamani na feni, na redio kubwa inapiga ya kuficha mlio. Muziki gani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la kutetea wanyama la Scotland walitoa utafiti 2017, wakapigia mbwa wa kituoni aina tano za muziki, reggae na rock laini ndo zikawatuliza zaidi, na wakaona kubadilishabadilisha ni bora kuliko kuwapigia aina moja mpaka waizoee. Stoo yangu kwaiyo mwaka mpya unaingia na reggae, majirani wanadhani kuna mtu kajifungia humo na mambo yake. Singeli sijajaribu na sidhani kama ni busara.

Kuhusu vidonge nisiseme mengi. Dokta mmoja alinipa acepromazine, ile inayojulikana kama ACP, nimpe kabla ya fataki. Komando alilala chali chali kweli, ukipita unasema dawa imekubali. Mimi nilikaa nae. Macho wazi, kope la tatu (ile ngozi ya kona ya ndani ya jicho) limetoka nusu, na kila mlio ngozi ya mgongoni inaruka, mwili ndo hauwezi kukimbia. Hii dawa inalegeza mwili, hofu haiondoi, na wengine inawafanya washtuke zaidi na sauti. Zipo dawa za kweli za kupunguza hofu ya kelele, kuna jeli ya kupaka kwenye fizi inaitwa Sileo iliruhusiwa Ulaya na Marekani 2015, na nyingine za vidonge, ila zote ni za kuandikiwa kwa uzito na afya ya mnyama husika. Muulize dokta wako swali moja tu, hii inamuondolea hofu au inamlaza? Atakavyojibu utajua.

Na tafadhali tuache kugawa dawa za kabati la nyumbani. Panadol inaua paka, kidonge kimoja tu kinatosha. Mafuta ya mkaratusi na tea tree ambayo watu wanachoma kwenye vifaa vya harufu nzuri "kwa ajili ya utulivu" ni sumu kwa paka, ini lake haliwezi kuyashughulikia. Udi na ubani mimi mwenyewe napenda, Ijumaa nyumba lazima inukie, ila Pili anatolewa kwanza, moshi na mapafu ya paka havipatani. Na ukiamua kumpa mbwa siagi ya karanga ajilambe atulie, soma kopo, zile zenye xylitol (kitamu cha badala ya sukari) zinaweza kumuua.

Nimebakiza fulana. Thundershirt, ya Marekani, ipo sokoni toka 2009, nguo ya kubana kifua na mbavu, wazo ni lilelile la kumviringisha mtoto mchanga kwenye kanga atulie. Imeshonwa vizuri, nyuzi zimenyooka, imefuliwa haijapauka. Saizi unapima kifua nyuma ya miguu ya mbele, usikisie kwa uzito, mbwa wetu wengi ni warefu na wembamba. Tatizo la kwanza ni ile gundi ya kunata kama ya viatu vya watoto, ukiibandua inachanika kwa sauti, mbwa anayeogopa sauti unamvalisha nguo inayopiga kelele, tulitumia jioni nyingi kumpa dagaa juu ya ile "kraaa" mpaka akaizoea. Tatizo la pili halina dawa, ni Desemba ya Dar. Nyuzi 30 na ushee, unyevu wa bahari, na mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, sasa mbwa mwenye hofu tayari anahema, umvike na nguo ya kubana tena nzito. Robo saa tu ulimi umeshafika chini, nikamvua. Kwenye baridi ya Julai usiku ilikaa vizuri na alijilaza nayo mwenyewe, kwaiyo wazo sio baya. Fataki tu ndo hazipigwi Julai. Siku hizi radi zikianza namfunga kanga nyepesi ya mama, inapita mbele ya kifua, inavuka mgongoni, fundo pembeni lisikae juu ya uti wa mgongo, na simuachi nayo peke yake asije akanasa kwenye nondo za geti. Inafanya kazi ileile na inapitisha hewa, shida ni mama anaitaka kanga yake.

Kichupa kingine cha Pili nimeshaagiza, kola ya Komando nitanunua masika, vuli na Desemba tu, miezi mingine nakula hela yangu mwenyewe. Fulana naiuza, rangi ya kijivu, gundi bado inashika, anayekaa Njombe au Lushoto na mbwa wa kifua kama cha Komando tuongee bei, nauli ya basi juu yangu.